Mtoto wa moyo amekuwa kijana: Nani atampokea akitoka wodi ya watoto?

Mzazi wa Taita Taveta aliyelea mtoto mwenye tatizo la moyo anaijua safari hii bila kusimuliwa. Unaamka usiku Wundanyi, Taveta au Mwatate, unateremka hadi Voi, kisha unashika basi au treni kwenda Mombasa au Nairobi. Mkononi una mfuko wa plastiki wenye kadi, risiti na picha za kifua zilizokunjika. Unafanya hivyo mwaka baada ya mwaka mpaka wauguzi wa kliniki wanakujua kwa jina, na mtoto wanamwita "rafiki yetu".

Halafu siku moja unaambiwa dirishani kwamba huyu si mtoto tena, nenda naye kliniki ya watu wazima. Unauliza ni ipi, siku gani, na daktari yupi. Wakati mwingine unapata jibu, wakati mwingine unapata kidole kinachoonyesha upande wa pili wa jengo. Kijana mwenyewe ana miaka 13 au 17, anajisikia mzima, na amechoka na hospitali. Mnarudi nyumbani mkisema mtaenda mwezi ujao, na mwezi huo haufiki.

Makala haya yanahusu huo mwezi ambao haufiki. Kwa vijana waliozaliwa na ugonjwa wa moyo, kipindi cha kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima ni mojawapo ya vipindi vyenye hatari kubwa, na mara nyingi hatari yenyewe haionekani.

Ugonjwa wenyewe

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Hii haina uhusiano na laana, kijicho wala kosa la mama. Moyo huumbika katika wiki za mwanzo za mimba, na katika ujenzi huo huweza kubaki tundu kati ya vyumba vyake, mshipa ukawa mwembamba kuliko inavyotakiwa, au mishipa mikubwa ikaungana mahali pasipo pake. Wengine huzaliwa na kasoro nne kwa pamoja, ndio wale ambao midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu wanapolia au kukimbia.

Tusiuchanganye na ugonjwa mwingine wa moyo ulio mwingi hapa Kenya, ule unaoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa kwa mtoto wa shule, ukaleta homa ya viungo na hatimaye kuharibu vali. Huo hauzaliwi nao, na mara nyingi mgonjwa hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Hata hivyo, vijana wa makundi yote mawili hupotelea kwenye mlango uleule, na mengi nitakayoyasema hapa yanawahusu wote.

Wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto akishafanyiwa upasuaji, amepona. Ni imani ya kueleweka. Mtoto aliyekuwa hawezi kupanda ngazi anarudi akicheza mpira, kovu la kifua linakauka, na familia inamshukuru Mungu. Lakini kwa kasoro nyingi, kutengenezwa si sawa na kupona. Tundu dogo lililozibwa mapema huenda lisilete shida tena, na daktari akasema njoo baada ya miaka kadhaa. Aliyetengenezwa kasoro zile nne, kwa upande mwingine, anaweza kukaa miaka 15 au 20 akiwa na nguvu zake huku vali inayoelekea mapafuni ikivuja polepole na chumba cha kulia cha moyo kikitanuka. Haumwi popote. Siku atakapoanza kuumwa huenda wakati mzuri wa kubadilisha vali hiyo umeshapita. Naye aliyepanuliwa mshipa mkuu uliobana anaweza kupata shinikizo la damu akiwa kijana kabisa, na hakuna atakayejua asipopimwa, tena kwenye mkono wa kulia.

Kuna na wale ambao hawakupata upasuaji kabisa. Tundu kubwa likiachwa wazi, damu nyingi husukumwa mapafuni miaka yote hiyo, mishipa ya mapafu inakakamaa, na mwishowe damu inageuza njia. Ikifika hapo, kuziba tundu si tiba tena. Kijana wa namna hii anahitaji uangalizi wa maisha.

Dunia ililijua tatizo hili lini

Mnamo Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, madaktari Alfred Blalock na Helen Taussig pamoja na fundi wao Vivien Thomas walifanikisha upasuaji wa kwanza wa kuwaongezea damu ya mapafuni watoto waliokuwa wakigeuka buluu. Kabla ya hapo, wengi wao hawakufikia utu uzima. Upasuaji uliendelea kuboreshwa na watoto wakaanza kuishi. Likazuka swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliandaa: hawa wakikua, ni wa nani? Daktari wa watoto anaijua kasoro yao lakini hawezi kumtibu mama mjamzito. Daktari wa moyo wa watu wazima amezoea presha na mishipa iliyoziba, na huenda hajawahi kuuona moyo ulioungwa upya utotoni. Mwaka 1975, Dkt Jane Somerville alifungua London wodi maalumu kwa vijana na watu wazima waliozaliwa na magonjwa ya moyo. Leo katika nchi tajiri, wagonjwa wa namna hii walio watu wazima ni wengi kuliko watoto.

Sisi tunaingia katika hali hiyo sasa. Tangu miaka ya 1990 Wakenya wamekuwa wakichangia upasuaji wa watoto kupitia mbio za Mater Heart Run. Watoto wengine wamepasuliwa katika Hospitali ya Kenyatta, Tenwek kule Bomet, Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret, au wamepelekwa India. Watoto wa wakati huo hivi sasa wanatafuta vitambulisho, kazi na wachumba. Tulichanga fedha ili waishi, na wameishi, lakini hatujajiandaa kwa ukubwa wao.

Mlango unaofungwa mapema

Kwa sheria yetu ya watoto ya mwaka 2022, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Lakini katika hospitali nyingi za umma, wodi ya watoto inaishia miaka 12 au 13. Msichana wa darasa la saba anaweza kulazwa katikati ya akina mama watu wazima, na anakutana na daktari asiyemjua katika umri ambao mwili unabadilika, shule inabadilika, na yeye mwenyewe hataki kuonekana tofauti na wenzake.

Yapo mambo tunayoweza kujifunza kutoka Kanada, nchi ambako kumwona daktari hakulipiwi mfukoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia vijana 360 wa jimbo la Ontario wenye kasoro nzito za moyo, walio na umri wa miaka 19 hadi 21. Asilimia 47 tu ndio waliofika salama kwenye kliniki ya watu wazima. Zaidi ya robo hawakuwa wamemwona daktari yeyote wa moyo tangu walipotimiza miaka 18. Utafiti mwingine, wa Quebec mwaka 2009, ulionyesha kwamba upotevu unaanza mapema: asilimia 28 walikuwa hawaonekani tena kliniki baada ya kutimiza miaka 6, asilimia 47 baada ya miaka 13, na asilimia 61 baada ya miaka 18.

Ikiwa hali ni hiyo mahali palipo na mabingwa na matibabu ya bure, je, sisi ambao nauli peke yake ni mtihani?

Ila utafiti wa Ontario una habari njema pia. Miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha waliofika na waliopotea, mawili ni ya bei nafuu. La kwanza, faili zao zilikuwa na maandishi yanayosema wazi kwamba wanatakiwa kuendelea kuonwa ukubwani. La pili, walikuwa wamezoea kuingia chumba cha daktari bila mzazi. Yote mawili hayahitaji mashine ya mamilioni. Yanaweza kufanywa Voi.

Kazi ianze akiwa na miaka 12

Wataalamu wa moyo wa Marekani walishauri mwaka 2011 kwamba maandalizi yaanze mtoto akiwa na miaka 12 hivi. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa familia zetu, naona mpango huu unawezekana.

Miaka 12 hadi 13: mtoto aanze kulitaja tatizo lake kwa maneno yake mwenyewe. Si kusema "nina moyo", bali "nilizaliwa na tundu kati ya vyumba vya chini, likazibwa nikiwa na miaka minne". Ajue jina la kila dawa, kazi yake na saa ya kuimeza. Mama asiwe ndiye saa ya kengele peke yake.

Miaka 14 hadi 15: aingie kwa daktari peke yake kwa dakika kumi, kisha mzazi aitwe. Baba au mama, hapa utaona uchungu kidogo, na ni halali. Lakini kijana ana maswali ambayo hawezi kuyauliza mbele yako, hasa ya mapenzi, sigara na pombe, na asipomuuliza daktari atamuuliza rafiki yake.

Miaka 16 hadi 17: familia iombe kwa daktari barua ya muhtasari. Iwe na jina la kasoro, upasuaji uliofanywa na tarehe zake, picha ya moyo ya mwisho ilisema nini, dawa na vipimo vyake, mambo ya kuepuka, na kila baada ya muda gani anatakiwa kuonwa. Tengeneza nakala tatu: moja nyumbani, moja kwa kijana, moja kwenye faili la hospitali ya karibu. Ipige picha pia ikae kwenye simu. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake, kwa hivyo hii si fadhila ya kuombewa.

Miaka 18: hamna kuhama bila anwani. Kijana asiondoke kliniki ya watoto kabla hajapewa tarehe na jina la kliniki anakokwenda. Na kabla ya siku hiyo, nendeni ofisi ya SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, muulize jina lake litakaaje: atabaki chini ya mzazi au atajisajili mwenyewe kwa kitambulisho chake. Mambo haya yafanywe mkiwa watulivu, si siku amelala kwenye machela.

Yanayowapata vijana wetu hasa

Nianze na homa. Ukanda wetu ni wa malaria, na homa yoyote huanza kwa kufikiriwa malaria au homa ya matumbo. Lakini mtu mwenye kasoro ya moyo au vali ya bandia anaweza kupata maambukizi ndani ya moyo wenyewe, na dalili ya kwanza ni homa ya siku nyingi, jasho la usiku na kukonda. Akimeza antibiotiki za dukani, vijidudu vinajificha na vipimo vinasoma uongo. Kijana ajifunze sentensi moja ya kumwambia kila daktari na kila muuguzi: "Nina ugonjwa wa moyo, tafadhali nichukuliwe damu ya kuoteshwa maabara kabla ya antibiotiki." Njia moja kubwa ya vijidudu hivyo ni meno mabovu. Mswaki ni sehemu ya matibabu ya moyo, na kabla ya kung'oa jino ni lazima daktari wa meno aambiwe, kwa maana wapo wanaohitaji dozi ya kinga kwanza.

Pili, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wenye vali ya bandia ya chuma humeza wafarini maisha yao yote, na hupimwa damu mara kwa mara kuhakikisha haiko nyepesi mno wala nzito mno. Dawa za maumivu tunazonunua kiholela, kama aspirini na ibuprofeni, zinaweza kumletea damu isiyokatika. Mboga za majani si haramu, ila azile kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, asikae siku kumi bila mchicha kisha akafululiza sukuma wiki kutwa mara mbili.

Tatu, wasichana. Hili tunalionea haya, na haya hiyo inaua. Wengi waliozaliwa na kasoro ya moyo wanaweza kuolewa na kuzaa salama wakipangiwa. Lakini kwa aliyekakamaa mishipa ya mapafu, mimba ni hatari kubwa kwa uhai wake. Kwa anayemeza wafarini, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni hasa miezi mitatu ya kwanza, na akiiacha mwenyewe kwa hofu, vali inaweza kuziba kwa damu iliyoganda. Baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, kwa hivyo hatakiwi kuazima vidonge vya dada yake. Mazungumzo haya yafanywe kabla ya uchumba. Mkifanya baada ya mahari mmechelewa, na mkifanya baada ya mimba mmechelewa zaidi. Shangazi au nyanya anaweza kuyaanzisha kwa heshima kuliko mtu yeyote, ilimradi naye ameelezwa ukweli.

Nne, muguka. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitangaza hatua kali dhidi yake, na mahakama ikazisimamisha. Siasa hizo ziendelee zinakoendelea. Kwa kijana wa moyo hoja ni fupi: majani hayo yana kichangamshi kinachoongeza mapigo na shinikizo la damu, na moyo ulioshonwa una sehemu zenye kovu ambako mapigo huvurugika kwa urahisi. Hata akiona wenzake wanatafuna na kuamka salama, moyo wake si kama wao.

Tano, riziki. Kazi zilizo karibu na vijana wetu ni za nguvu: kukata mkonge Mwatate, kuchimba vito Kasigau, kubeba mizigo mjini Voi kwenye jua kali. Kijana ambaye damu yake ina oksijeni kidogo huwa na damu nzito, na akikaukiwa maji kwenye joto la Voi anaweza kupata kiharusi. Anayemeza wafarini hapaswi kuwa mahali pa kukatwa na kuangukiwa. Mazungumzo ya kazi gani asomee yafanywe na daktari mapema, angali shuleni. Tusimkataze kila kitu pia. Wengi wanaruhusiwa kutembea, kucheza na kufanya mazoezi kwa kiasi, na kuwafungia ndani ni kuwaumiza kwa njia nyingine. Mwalimu wa bweni apewe nakala ya ile barua, ili asimlazimishe mbio ndefu na asimwite mvivu.

Dalili ambazo hazingojei tarehe ya kliniki

Kuzimia, hasa akiwa anakimbia au kucheza. Moyo kwenda mbio ghafla bila sababu. Pumzi kukata akilala chali, au miguu kuvimba. Homa inayopita siku tatu bila jibu la kipimo. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili au mdomo kupinda. Akipata lolote kati ya haya, ni hospitali siku hiyohiyo, na ile barua mkononi.

Kaunti ifanye nini

Kuna watakaosema tunaota: Voi haina daktari bingwa wa moyo wa vijana, unataka awahamishie kwa nani? Hoja hiyo ina uzito. Mabingwa hao ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Lakini wengi wa vijana hawa hawahitaji bingwa kila mwezi. Wanahitaji bingwa mara moja kwa mwaka au miaka miwili, na katikati ya hapo mtu wa karibu anayewajua.

Naomba hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Voi ianze na mambo matatu. Iwe na daftari moja la kila kijana mwenye ugonjwa wa moyo katika kaunti, kuanzia Taveta hadi Kasigau. Iteue muuguzi mmoja ambaye daftari hilo ni lake, mwenye simu ya kuwapigia waliokosa tarehe. Na itenge siku moja ya mwezi ya kuwaona: kupima presha, uzito, oksijeni, damu ya wanaomeza wafarini, na kuwafundisha. Watafiti wa Alberta, Kanada, walionyesha mwaka 2014 kwamba hata kikao kimoja cha saa moja na muuguzi kilimwongezea kijana ujuzi wa ugonjwa wake na uwezo wa kujisimamia. Saa moja!

Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi mwaka 2023 wana mashine za presha na wanapita nyumba kwa nyumba. Wakipewa majina, wao ndio watakaogonga mlango wa kijana aliyetoweka. Na daftari hilohilo linaweza kuwabeba vijana wa selimundu na kisukari, ambao nao wanavuka mto uleule bila daraja.

Hadi hapo kaunti itakapoamka, kazi inaanza nyumbani. Jioni ya leo mketishe kijana wako, mletee ule mfuko wa makaratasi, na umuulize swali moja: "Mwanangu, ukiugua nikiwa sipo, utamwambia nini daktari?" Akikosa jibu usimgombeze. Fungueni mfuko huo pamoja, mwanze kusoma.